Kinga ya Wenye Kinga

Tarehe 2 Agosti 2016, jaji wa Mahakama Kuu jijini London aliamua swali ambalo, kwa mtu aliye mbali na Uingereza, lingeonekana kuwa la makarani: ni nani mwenye mamlaka ya kulipia dawa ya kuzuia Virusi vya UKIMWI kwa mtu ambaye bado hajaambukizwa? Huduma ya afya ya taifa, NHS, ilikuwa imetangaza Machi ya mwaka huo kwamba jukumu hilo si lake. Tangu Aprili 2013, ilisema, kazi ya kukinga magonjwa ilikuwa imehamishiwa kwa halmashauri, na kama jambo ni kinga, basi halmashauri ndizo zilipe. Halmashauri nazo zilikuwa zimeanza kupunguziwa fedha. Shirika la National AIDS Trust likaenda mahakamani, likashinda. NHS ikakata rufaa, ikashindwa tena tarehe 10 Novemba.

Ubishi haukuwa juu ya uwezo wa dawa. Huo ulikuwa umekwisha kuthibitika. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa katika nchi sita, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba kidonge cha kila siku chenye tenofovir na emtricitabine kilipunguza maambukizi kwa asilimia 44 miongoni mwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume na wanawake waliobadili jinsia. Na wale waliokimeza kwa uaminifu walikingika zaidi ya hapo. Marekani ikakiidhinisha Julai 2012. Kisha ukaja utafiti wa Uingereza yenyewe, ulioitwa PROUD, wenye washiriki 544 katika kliniki 13, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015: maambukizi yalipungua kwa asilimia 86. Kabla utafiti haujafika mwisho, waliokuwa wamepangiwa kusubiri mwaka mzima walianza kupewa dawa, kwa kuwa kuwanyima kulikuwa hakuna uhalali tena.

Orodha ya washiriki wa PROUD husema jambo ambalo asilimia 86 haisemi. Wengi wao walikuwa Wazungu, wenye umri wa miaka thelathini na zaidi, wenye shahada ya chuo kikuu na ajira ya kudumu. Hilo si kosa la watafiti. Waliandikisha watu waliofika kliniki, na hao ndio waliofika. Ila tangu siku ile ya kwanza sura ya mtu anayestahili dawa kinga ilikuwa imekwisha kuchorwa, na picha ya kwanza haifutiki kwa urahisi.

Wakati mawakili wakibishana, wengine hawakungoja. Greg Owen, mzaliwa wa Belfast aliyeishi London, alikwenda kupima mwaka 2015 ili aanze dawa hiyo, akaambiwa kwamba amechelewa. Alikuwa tayari ameambukizwa. Miezi michache baadaye alianzisha tovuti iliyowaelekeza watu namna ya kuagiza dawa ileile kutoka viwanda vya Asia, bila jina la kibiashara. Chupa ya vidonge 30 yenye jina la kibiashara iligharimu zaidi ya pauni 350. Iliyoagizwa, pauni 40 au 50 hivi. Madaktari wa kliniki kadhaa wakakubali kuwapima bure waliojinunulia. Katika kliniki ya 56 Dean Street, iliyoko Soho, maambukizi mapya yaliyogunduliwa mwaka 2016 yalishuka kwa takriban asilimia 40 kulinganisha na mwaka uliotangulia, na mchango wa vifurushi hivyo vya posta katika mteremko huo haukuwa mdogo.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi wa watu wa kawaida dhidi ya urasimu, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Hata hivyo, kifurushi cha posta nacho kina masharti yake. Humtaka mtu awe amesikia kwamba dawa ipo, ajue kusoma maelezo ya kitabibu kwa Kiingereza, awe na kadi ya benki, na awe na pauni 50 za ziada kila mwezi ambazo hakuna atakayemuuliza zimekwenda wapi. Zaidi ya yote humtaka awe na anwani ambayo bahasha ikifika, haifunguliwi na mama, wala shangazi, wala binamu aliyeamka mapema.

Baada ya kushindwa mahakamani, NHS haikutoa dawa kwa wote. Ilianzisha jaribio lingine, mara hii la watu 10,000, lililoanza Oktoba 2017, wakati Scotland ilikuwa imekwisha kuanza kutoa huduma hiyo kwa kawaida tangu Julai. Nafasi zilijaa upesi. Zikaongezwa hatua kwa hatua hadi 26,000, na bado kliniki nyingi zilikuwa zikiwarudisha wanaume mlangoni. Ni mwaka 2020 tu ambapo dawa ikawa sehemu ya huduma ya kawaida Uingereza, na mpaka leo hutolewa hasa katika kliniki maalumu, si kwa daktari wa mtaa.

Foleni huonekana kuwa kitu cha haki, kwa sababu kila mmoja husimama nyuma ya mwenzake. Lakini ile miaka mitatu ya nafasi zilizohesabiwa haikuwa foleni ya namna hiyo. Aliyekataliwa kliniki moja aliweza kupiga simu nyingine saa mbili asubuhi, kabla miadi haijaisha, ikiwa kazi yake inamruhusu kushika simu saa hiyo. Aliyekuwa na rafiki aliyekwisha kuandikishwa alidokezwa ni wapi nafasi zitafunguliwa Jumatatu. Mwenye nacho huongezewa, wasema Waswahili, na mara nyingi msemo huo hudhaniwa kuwa juu ya mali. Hapa kilichoongezwa kilikuwa habari.

Lipo jibu ambalo hutolewa haraka kila tofauti hizi zinapotajwa: kwamba pengine vijana fulani wanajiingiza zaidi katika hatari. Jibu hilo lilipimwa, likaonekana halisimami. Gregorio Millett na wenzake walikusanya tafiti nyingi, kwanza mwaka 2006, kisha kwa upana zaidi mwaka 2012 wakilinganisha Marekani, Kanada na Uingereza. Huko Marekani, wanaume Weusi wanaopenda wanaume hawakuwa na wapenzi wengi kuliko Wazungu, wala hawakuacha kondomu zaidi yao. Walichokosa ni bima, kipato, tiba ya mapema. Na kwa kuwa wapenzi wao walikosa vilevile, virusi vilikuwa vingi zaidi katika mzunguko wao. Mwaka 2016 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa makadirio kwamba hali ikiendelea vilevile, mwanamume Mweusi mmoja kati ya wawili wa kundi hili angeambukizwa katika maisha yake. Kwa Wazungu, mmoja kati ya 11.

Kiswahili kina methali inayolitosha jambo hili ingawa haikutungwa kwa ajili yake: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali si ngao, ni kijinga cha moto. Moto haukai katika kijinga kimoja. Huwaka pale viwili vinapokutana. Hatari ya maambukizi nayo haikai ndani ya tabia ya mtu mmoja, hukaa baina ya watu, na wanaokutana ni wale waliowekwa karibu na mtaa, kipato, rangi na lugha.

Lugha inapotajwa, ni vyema kushuka hadi kwa wasemaji wa Kiswahili waishio Uingereza, kwa kuwa kati yao tofauti hii huonekana pasipo rangi kuificha. Wachukuliwe vijana wawili, wote wa kubuni, ambao hakuna chochote katika maisha yao kisichotokea kila wiki. Wote wana miaka 22. Wote wamelelewa kwa Kiswahili, katika nchi ambazo sheria iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni Mwingereza bado inaliita pendo lao kosa la jinai. Wa kwanza ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Ada inalipwa na baba mwenye kampuni Nairobi. Ana chumba chake katika bweni la chuo, na chumba kina ufunguo. Wiki ya pili ameona tangazo katika simu, wiki ya tatu ameketi kliniki, wiki ya nne amekwisha kumeza kidonge cha kwanza. Habari yake inaishia hapo, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Wa pili ameomba hifadhi. Kwa sheria ya Uingereza anayo hoja nzuri: Julai 2010 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya wanaume wawili, mmoja wa Iran na mwingine wa Kamerun, kwamba haiwezekani kumrudisha mtu kwao kwa kumwambia akaishi kwa kujificha. Basi anatakiwa aeleze mbele ya ofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa kirefu na kwa tarehe, yale ambayo hajawahi kumweleza hata ndugu yake wa tumbo moja. Akitoka hapo anarudi katika hoteli alikopangiwa, kwenye chumba anacholala na mtu asiyemchagua, na huko anatakiwa na hali yake aanze kuficha upya.

Dawa anaweza kuipata bure. Kliniki haimtozi kitu, na hata tiba ya VVU, endapo ingemlazimu, haitozwi mtu yeyote Uingereza tangu Oktoba 2012, awe na karatasi au asiwe nazo. Hili ni jambo la kusifiwa, na nchi tajiri zisizofanya hivyo ni nyingi. Lakini bure ina nauli. Anayeishi katika hoteli yenye kupikiwa hupewa chini ya pauni 10 kwa wiki, na basi la London ni pauni 1.75 kwa safari moja. Kazi haruhusiwi, akikaa mwaka mzima bila jibu ndipo anaweza kuomba ruhusa, na hata hapo ni kwa kazi chache zilizoorodheshwa. Siku ya kwanza atapimwa VVU, figo na homa ya ini aina ya B. Kisha atarudi, kwa kawaida kila miezi mitatu, ikiwa hajahamishiwa mji mwingine ambako kliniki haimjui na atalazimika kuanza kujieleza tena.

Halafu kuna chupa. Vidonge 30 ndani ya plastiki hulia kama kayamba kila begi linapoguswa. Mwenzake wa chumbani akiiona, simu itamwambia kwa sekunde chache kwamba tenofovir na emtricitabine ni dawa wanazotumia wenye VVU. Hiyo ni kweli. Ni dawa zilezile, kwa kazi mbili. Kijana ambaye anameza ili asiambukizwe atahesabiwa kuwa ameambukizwa, na kwa kujitetea itambidi ataje sababu halisi, ambayo ni mbaya zaidi machoni pa mwenzake. Akiwa mwenzake hajui Kiswahili, kuna nafuu kidogo. Akiwa anakijua, habari itafika Mombasa au Tanga kabla ya magharibi. Wapo wanaohamishia vidonge katika kopo la vitamini, wapo wanaovifunga katika soksi, na wapo, bila shaka wengi kuliko hao, wanaoona kwamba ni heri kuacha.

Watungaji wa sera hukiita kisa cha aina hii unyanyapaa, wakakiweka chini ya kichwa cha utamaduni, na kupendekeza mafunzo. Maelezo hayo hayatoshi. Kijana wa kwanza alitoka katika utamaduni uleule, na pengine katika familia yenye kushika dini zaidi. Yeye hakuhitaji mafunzo yoyote. Alikuwa na ufunguo. Faragha ni mali, na hugawanywa kama mali nyingine zote.

Hofu nayo hugawanywa hivyohivyo. Januari 2017 hati ya makubaliano ilitangazwa iliyoiruhusu Wizara ya Mambo ya Ndani kupata anwani za wahamiaji kutoka kumbukumbu za NHS. Madaktari na Wabunge wakapinga, na Mei 2018 utaratibu huo ukasitishwa kwa sehemu kubwa. Kumbukumbu za kliniki za aina hii, hata hivyo, huhifadhiwa kwa siri ya pekee. Mwanafunzi akisikia uvumi atatafuta ukweli wake katika tovuti ya serikali. Mwomba hifadhi atamuuliza aliyetangulia kufika, naye aliyetangulia atamsimulia mambo ya 2017. Kusitishwa kwa hati hakutangazwi katika foleni ya chakula.

Na mlangoni pa kliniki lipo neno. Kiingereza cha sasa kimeondoa aibu katika kibao kwa kuandika afya. Kiswahili cha kila siku bado kinasema magonjwa ya zinaa, na zinaa si neno la kitabibu, ni neno la kadhi. Vijitabu vya serikali za Afrika Mashariki vimejaribu kuandika magonjwa ya ngono, au yatokanayo na kujamiiana, lakini mkalimani aliyeitwa kwa simu, mwenye haraka, husema lile lililozoeleka. Akifika kwenye jina la mgonjwa mwenyewe, shida huongezeka. Shoga, katika pwani, ni mwanamke na rafiki yake wa kike wanavyoitana. Likimwangukia mwanamume huwa kejeli. Hanithi na msenge ni matusi yaliyo wazi. Maneno yanayotumika katika makala hii, wanaume wanaopenda wanaume, ni maelezo, si jina. Hakuna anayejitambulisha kwa sentensi. Hivyo mkalimani huchagua, na kijana husikia katika sikio lake, kwa sauti ya mtu wa kwao, mojawapo ya maneno aliyoyakimbia. Yaliandikwa mengi kuhusu bei ya kidonge. Kuhusu neno la mkalimani yameandikwa machache mno, na hapa wanazuoni wa Kiswahili wana kazi ambayo madaktari hawawezi kuwafanyia.

Si kwamba pwani haikuwa na maarifa yake. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, katika sura iliyochapishwa mwaka 1987, aliandika juu ya Mombasa kwamba mahusiano ya namna hii yalieleweka zaidi kwa daraja la mtu kuliko kwa jinsia yake: basha mara nyingi ni mtu mzima mwenye uwezo, shoga ni kijana asiye nao. Yanaweza kubishaniwa mengi katika maelezo yake, na hasa ni rahisi kuyasoma kana kwamba mapenzi yalikuwa biashara tu. Lakini aliona jambo ambalo mipango ya kinga imechelewa kuliona. Kijana anayelala kwa hisani ya mwenye nyumba hana nafasi sawa ya kusema kondomu ivaliwe. Kidonge kingemfaa kuliko mtu yeyote, maana humezwa bila kumwomba ruhusa mwenzi. Naye ndiye ambaye kidonge humfikia mwisho.

Huko nyumbani mlango ulifunguliwa na kufungwa kwa zamu. Kenya ilizindua dawa kinga kitaifa Mei 2017. Tanzania, mwaka uliotangulia, ilikuwa imepiga marufuku usambazaji wa vilainishi, na Februari 2017 ikasimamisha huduma za UKIMWI kwa wanaume hawa katika vituo 40. Katika nchi zote mbili, huduma zilizobaki ziliegemea sana fedha za Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 fedha hizo zilisimamishwa kwa amri ya rais mpya, na ruhusa maalumu ilipotolewa siku chache baadaye ili huduma za kuokoa maisha ziendelee, dawa kinga iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Kwa kijana wa Likoni au Mtwapa aliyekuwa akichukua chupa yake katika kituo cha wenzake, maana yake ilikuwa kwamba aende hospitali ya umma, apange mstari mmoja na majirani, aeleze kwa nini mwanamume mzima wa afya anataka dawa. Mwenye fedha alinunua katika kliniki binafsi. Kwa mara nyingine kidonge kilikuwepo.

Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Marekani iliidhinisha lenacapavir, sindano inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Kwa suala la chupa hakuna dawa bora zaidi: hakuna cha kulia ndani ya begi, hakuna cha kuficha, hakuna kopo la vitamini. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Miezi mitatu baadaye yalitangazwa makubaliano ya kuitengeneza kwa takriban dola 40 kwa mwaka katika nchi 120 zenye kipato cha chini na cha kati, kuanzia 2027. Mwanya kati ya namba hizo mbili utaandikiwa tasnifu nyingi. Kwa kijana wa hotelini swali ni dogo zaidi. Sindano ya pili hufuata baada ya miezi sita, katika kliniki inayojua jina lake, na barua ya kumhamisha humfikia siku chache tu kabla ya basi.